Bati Halikuwa na Kosa

Kila jioni binti yetu alisimama juu ya kiti kwenye pembe ya jikoni, ameinua simu. Hapo tu ndipo mtandao uliposhika. Alikuwa anasomea uuguzi kwa njia ya intaneti. Mimi nakatakata vitunguu chini, yeye anasoma habari za figo huko juu. Nikimwambia apishe sufuria, somo linakatika.

Ndiyo maana tulinunua dishi la intaneti, lile linalopokea mtandao kutoka setilaiti angani.

Mume wangu ni kinyozi. Watu wanamwita Profesa, maana ukikaa kwenye kiti chake utaelezwa kila kitu, kuanzia ugonjwa wa kuku hadi safari za mwezini. Kwa kawaida huwa nacheka. Safari hii sikucheka.

"Tumwite Mama Bati alifunge," nilimwambia.

Mama Bati ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Ni fundi wa kuezeka. Paa letu aliliezeka yeye miaka sita iliyopita, na halikuwahi kuvuja hata tone.

"Fundi wa nini?" akasema mume wangu. "Misumari minne tu! Nimeshaangalia video."

Akapanda na viatu vyake vya soli ngumu, bila mtu wa kumshikia ngazi. Nilisikia bati likilia kra, kra, kisha nyundo. Akashuka kifua mbele. Na kweli, mtandao ulikuja. Binti akawekewa meza chumbani kwake, nami nikapata jiko langu.

Siku ya kumi mvua ikanyesha.

Maji yakaanza kudondoka chumbani kwa binti, juu ya ile meza. Madaftari yakalowa. Nikakimbilia beseni, naye binti akaikumbatia kompyuta yake asiiachie.

"Ni dishi lako hilo," nikamwambia mume wangu.

"Dishi liko juu ya sebule! Maji yanadondoka huku, hatua saba! Hii ni kazi ya Mama Bati. Alilipua, aliezeka ovyo."

Mvua ilipokatika akarudi kwenye chumba chake cha kunyolea, pale mbele ya nyumba. Kitini alikaa mwenye bucha, nusu ya kichwa imenyolewa, na wengine wanne wakisubiri. Mtaa mzima ulijua kwamba mwenye bucha anajenga vyumba vinne, na kwamba Mama Bati ndiye atakayeviezeka. Basi Mama Bati akapita na mfuko wake wa vifaa.

"Wewe mama!" mume wangu akapaza sauti. "Paa lako linavuja kama chujio! Hizo ndizo kazi unazofanyia watu? Kama huwezi kukaza bati, kaa jikoni!"

Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Damu ilinichemka.

Mama Bati alisimama. "Shemeji, paa hilo nililikagua mwezi uliopita."

"Mbona linavuja, basi?"

"Nitajua nikipanda. Leo sipandi, bati limelowa, na mimi bado najipenda. Kesho jua likiwaka."

Kesho yake alikuja na ngazi yake, macho mekundu. Akanionyesha simu. Mwenye bucha alikuwa amemwandikia kwamba asubiri kwanza, anatafuta fundi mwingine.

"Miaka kumi na minane, dada," akasema. "Miaka kumi na minane napanda mapaa ya watu. Leo mdomo mmoja unaninyang'anya kazi."

Niliona aibu, na aibu yenyewe ikanizidishia hasira. Nikaenda kumtoa mume wangu kitandani.

"Wewe, kinyozi," Mama Bati akamwambia. Hakumwita shemeji. "Ingia chumbani kwa mwanao na beseni. Ukiona maji, sema."

Mimi nikashika ngazi. Mama Bati alivaa raba laini, akajifunga kamba kiunoni na kuifunga vizuri, kisha akapanda akikanyaga kwenye mistari ya skrubu tu.

"Chini ya skrubu kuna mbao," akanieleza. "Katikati ya mistari hakuna kitu. Ukikanyaga hapo, bati linabonyea. Mumeo ameacha nyayo zake hapa."

Akamwaga jagi la maji juu ya chumba cha binti.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu," sauti ya mume wangu ikajibu.

Akamwaga la pili. Hakuna kitu. La tatu akalimwaga kwenye kitako cha dishi, kule juu ya sebule. Tukasubiri. Ndani kimya.

"Kinyozi! Umelala?"

"Yanadondoka," akajibu kwa sauti ndogo.

Mume wangu alipotoka nje na beseni lake, Mama Bati alikuwa angali juu, mkono kiunoni. "Bati lina migongo na mabonde. Maji ya mvua hupita wapi?"

"Kwenye mabonde."

"Wewe ulitoboa wapi?"

"Kwenye bonde. Kitako kilikaa vizuri pale."

"Kilikaa vizuri kwenye njia ya maji! Tena umepiga misumari ya kugongea mbao, isiyo na mpira wa kuzuia maji. Maji yakaingia, yakashika mbao, yakatembea nayo hadi chumbani kwa mtoto. Yanaingilia huku, yanatokea kule. Ndivyo yalivyo maji ya paa. Ungeniuliza, ningekwambia."

"Basi tutengenezee, mama."

"Sitengenezi." Akashuka. "Jana ulinitukana mbele ya watu watano. Leo umekubali kosa chumbani, na beseni. Nani amekusikia?"

Mume wangu akanigeukia mimi.

"Usiniangalie," nikamwambia. "Jana mdomo ulikuwa nao."

"Nitaongea na mwenye bucha nikikutana naye."

"Sasa hivi!" nikafoka. "Na hilo beseni nenda nalo!"

Akaenda nalo. Nilimfuata nyuma, maana simwamini Profesa akiachwa peke yake na maneno. Kwenye bucha kulikuwa na foleni.

"Mama Bati hakukosea," akasema. Akakohoa. "Paa nililitoboa mimi. Nikamsingizia yeye."

Mwenye bucha akaweka kisu chini. "Kwa hiyo jana ulinidanganya huku umenishikia wembe kichwani?"

Foleni nzima ikacheka. Mume wangu hakucheka. Mimi pia sikucheka, nilikuwa bado nimefura.

Ndipo Mama Bati akafanya kazi. Aling'oa misumari, akasafisha matundu, akayaziba kwa vipande vya bati na gundi ya silikoni. Dishi akalihamishia mahali palipo wazi, mbali na mti na mbali na nyaya za umeme. Akalifunga kwenye migongo ya bati, kwa skrubu ndefu zilizofika hadi kwenye mbao. Kila skrubu ilikuwa na mpira wake. Aliikaza mpaka mpira ukalala, akaacha kabla haujapasuka. Waya akaushusha ukutani. Kabla ya kuuingiza ndani, aliuacha uning'inie chini kidogo kuliko tundu, ili maji yadondokee nje.

Profesa alishika ngazi saa mbili nzima. Hakueleza chochote.

Mvua kubwa ilikuja wiki iliyofuata. Binti alisoma mezani kwake, na beseni likabaki chini ya kitanda, kavu. Vyumba vinne vya mwenye bucha viliezekwa, na aliyeviezeka ni Mama Bati. Lakini kwa Mama Bati, mume wangu aliendelea kuitwa kinyozi. Akimsalimia Mama Bati, anaitikiwa, basi. Nami sikumtetea.

Juzi nilikuwa nafagia mbele ya nyumba. Mteja mmoja, mgeni mtaani, alikuwa kitini.

"Profesa," akauliza, "hivi dishi la intaneti hufungwaje kwenye bati?"

Mashine ya kunyolea ikazimwa. Mama Bati alikuwa anapita na mfuko wake, akapunguza mwendo. Nikashika ufagio nikingoja hotuba.

"Muulize huyo mama anayepita," akasema mume wangu. "Ndiye fundi. Mimi nilishika ngazi tu."

Mama Bati akaweka mfuko chini, akamtazama.

"Lakini uliishika vizuri," akasema, "shemeji."