Jasho Chini ya Nailoni

Kila asubuhi ya likizo Chiriku alibeba ndoo, mama yake akabeba brashi, wakaenda kazini. Mama alikuwa fundi wa sakafu. Binti alipewa jina hilo la utani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku hizo walikuwa wakifufua sebule ya bibi mmoja mjane. Vigae vyake vya udongo mwekundu vilipangwa na marehemu mumewe. Walivikwangua rangi kuukuu, wakavisugua, wakavisuuza, wakaviacha vikauke siku nne. Kisha mama akabandika vipande vinne vya nailoni sakafuni kwa utepe wa gundi.

"Kigae hudanganya macho," alisema. "Juu kikavu, ndani kimelewa maji. Tukipaka dawa ya kukilinda kikiwa hivyo, unyevu unafungiwa ndani, sakafu inapauka mabaka mabaka. Nailoni ikitoa jasho, tunasubiri."

Kesho yake alimtuma Chiriku avikague. Vitatu vilikuwa vikavu. Cha mlangoni kilijaa matone. Chiriku akawakumbuka binamu zake: kazi ikiisha leo, kesho wangesafiri kwenda kwao. Akayapangusa matone kwa pindo la gauni.

"Vipi, mwanangu?"

"Vikavu vyote, mama."

Mama akapiga magoti kona ya mbali, akaanza kupaka akirudi nyuma kuelekea mlangoni. Mstari wa kwanza. Wa pili. Chiriku akahesabu iliyobaki: tisa.

Bibi akachungulia dirishani. "Ehee, mafundi! Mume wangu angeona hivi, angevua viatu tangu barabarani."

Mama akacheka. Chiriku hakuweza. Sita. Mitatu. Viganja vilimlowa. Miwili. Brashi ikachovywa tena.

"Mama, ngoja!"

"Nini tena? Nge?"

"Cha mlangoni kilikuwa na jasho. Nilipangusa."

Brashi ikabaki hewani. Mama alifunika kopo, akatoka nje, akakuta bomba linavuja, maji yakinywewa na ukuta wa mlangoni. Wakabadilisha mpira wa bomba, wakabandika nailoni upya mlangoni. Safari ikafa hapo hapo.

Siku tatu baadaye mama alifungua kopo tena. Chiriku akabandua nailoni. "Bado ina jasho, mama."

Mama akalifunika kopo bila hata kugeuka.

"Huji kuhakikisha?"

"Nihakikishe nini, na umeshaniambia?"

Kesho yake nailoni ilikuwa kavu, wakamaliza ile mistari miwili. Chiriku akachonga mdomo njia nzima ya kurudi nyumbani, mpaka mama akamshika bega.

"Hebu pumua kidogo, unisikilize. Kigae kikiharibika nitaking'oa, niweke kingine. Lakini neno lako likiharibika, itabidi nipige magoti nyuma yako kukagua kila siku, na magoti yangu haya yamechoka. Ukikosea, sema kabla brashi haijafika."