Nilifunga Piano Juu ya Mikono ya Masika

Nina miaka sabini na moja. Shule niliacha darasa la nne, nikaanza kubeba kahawa kichwani kutoka kijijini kwetu Karambi hadi soko la Bwera. Leo nina duka, nina lori, na watu wananiita bosi. Sijawahi kumwomba mtu hata chumvi! Nasema hivyo ili mjue ni mtu wa namna gani anayewaandikia aibu hii...

Mchungaji alitaka kunipoza, akasema aliyetenda ni shetani. Hapana. Ni mimi.

Binti yangu wa kwanza ni Masika. Akiwa mdogo alikuwa haondoki kwenye piano ya kanisa. Nikamsomesha muziki Kampala, nikamnunulia piano yake mwenyewe, iliyotumika lakini nzima. Kila aliyeingia dukani nilimtangazia. Nilitaka apige tenzi, na zile nyimbo za Wazungu waliokufa zamani, zile watu wakisikia wanasema: huyu mtoto amesoma!

Masika alikuwa na mawazo mengine. Yeye alipiga kazi za watunzi walio hai. Vijana wa Kampala, wa Nairobi, wa Kongo... watu wasiojulikana hata kwao! Alizunguka nazo mpaka Ulaya. Siku moja aliniambia, "Papa, wale wa zamani wana watu wengi wa kuwapiga. Hawa wa leo nisipowapiga mimi, nani atawapiga?" Nikamjibu kwamba sikubeba kahawa ili mtu afanye majaribio. Mara mbili alinialika kumsikiliza. Sikwenda.

Na kuna jambo nililomficha. Baba yangu alipiga endara, ile marimba yetu kubwa ya Bakonzo. Vibao vinene vinalazwa juu ya vigogo vya mgomba, wanaume wanakaa huku na huku wanagonga kwa fimbo. Mimi mwenyewe nilikaa pale ujanani. Nilipopata mali na kuwa mzee wa kanisa, nikaona ni mambo ya kijijini. Sikumtajia mtoto hata siku moja.

Baba alikuwa na sheria moja tu. Endara ikishaanza, haikatizwi. Mvua ije, mkubwa aingie, utasubiri mpaka aliyeianzisha aweke fimbo chini.

Mwaka jana Masika akaja kupiga Kasese, nyumbani, kwa mara ya kwanza. Wiki iliyofuata angepeleka kazi mpya Ulaya, nafasi aliyoihangaikia miaka. Lori langu ndilo lililobeba piano. Jumapili mchana ukumbi ulijaa, na mimi mbele kabisa, nimevaa koti, wafanyabiashara wenzangu wamenizunguka.

Alipiga tenzi mbili. Makofi! Kisha akafungua tumbo la piano, akaanza kuchomeka vipande vya mbao na vitambaa katikati ya nyuzi. Piano yangu! Akakaa, akapiga... ikatoka sauti kavu, ko-ko, ko-ko-ko.

Mwenzangu mmoja nyuma akacheka. "Bosi, mutoto yako anatengeneza kitanda?"

Nikasimama. Mke wangu alinivuta koti. "Baba Masika, kaa chini. Unatuaibisha."

Sikukaa. Nilipanda jukwaani, nikafoka kwamba upuuzi huo haufanyiki kwenye kitu nilichonunua kwa jasho langu. Masika hakuacha kupiga. Alinitazama tu, akitikisa kichwa, kama anayeniomba nisubiri kidogo... Nikakamata kifuniko cha vibonyezo, nikakibamiza.

Nilidhani ataondoa mikono!

"Papa! Mukono yangu!"

Vidole viwili vya mkono wa kulia. Mlio wa mfupa ule bado nausikia nikiwa mezani, nikiwa dukani, nikiwa kanisani.

Kijana mmoja alikimbia jukwaani, akafunga mkono wa Masika kwa shati lake. Ndiye Kambale, mtunzi wa kazi ile, anatoka ng'ambo ya mpaka, Kongo. Hakunipigia kelele. Laiti angenipiga!

"Muzee, ile haiko makelele," aliniambia. "Ile ni endara ya baba yako. Ndugu yako wa Karambi alinipigia ile endara, nikaiandika kwa piano. Masika alitaka uisikie wewe kwanza, kabla ya Wazungu."

Ndipo masikio yangu yakafunguka. Ko-ko, ko-ko-ko... Ulikuwa mkono wa baba! Niliwezaje kutoutambua? Na sheria yake moja, nimeivunja mbele ya ukumbi mzima!

Madaktari walijitahidi. Vidole vile havikunjiki tena. Ulaya akaenda mpiga piano mwingine.

Masika hajanilaani. Akija nyumbani ananisalimu, ananipakulia chakula kwa mkono wa kushoto. Hilo ndilo linaloniua.

Kambale na wenzake sasa wanamtungia kazi za mkono wa kushoto na vidole vitatu vya kulia. Naye anazipiga. Mimi nakwenda kila anapopiga, nakaa kiti cha mwisho, na mikono yangu nimeikalia. Nyingine sizielewi hata kidogo. Nasubiri mpaka aishushe mikono yake.

Ndugu wasomaji, mlionunua kitu kwa jasho, msidhani mmemnunua na aliyekishika. Mtoto akikuletea usichokielewa, kaa chini. Mwache amalize! Mimi nilihitaji kusubiri dakika chache tu nimsikie baba yangu...