Ng'ombe Wanane wa Limi

Kahama nzima hakuna anayejua mambo ya mapenzi kunizidi mimi. Waume zangu wawili walinikimbia, ni kweli, lakini ya wenzangu nayajua.

Haya ya Limi na Jilala yalianza mwaka themanini na tatu kwenye foleni ya sabuni, duka la ushirika, Nyasubi. Watu wamebanana, jua linachoma, kila mtu ananuka shida yake. Limi alivaa gauni la maua ya zambarau lililofubaa mabegani. Nyuma yake alisimama fundi cherehani mmoja, suruali ya bugaluu inafagia vumbi.

"Dada, hilo gauni kakushonea nani?"

"Linakuhusu?"

"Sana. Kiuno chako kiko hapa, yeye kakikatia kule chini. Kakudhulumu."

"Na wewe umekuja kununua sabuni au kupima viuno?"

"Sabuni naona inakwisha. Viuno bado."

Kweli iliisha kabla hawajafika dirishani. Mwezi haukupita, gauni likashonwa upya. Miezi michache baadaye likaanza kubana kwa mbele.

Hapo ndipo usingizi ulipowaruka. Baba yake Limi, Mzee Bujiku wa Samuye, alitaka ng'ombe kumi na wawili, na wafike kabla ya mtoto. Kwetu mahari isipotolewa, mtoto ni wa kwao mama. Babu atampa jina, babu atamchukua. Akiwa wa kiume atachunga kwa babu, akiwa wa kike mahari yake atakula babu.

"Mimi maskini," Bujiku alilia. "Zizini nina watatu, wamekonda hata kupe wamewahama. Nisipomtegemea mjukuu, nani atanichungia?"

Limi akamvuta Jilala pembeni. "Mtoto wangu simwachi Samuye. Fanya kitu."

Jilala akauza cherehani, akaenda Geita kuchimba dhahabu. Walikubaliana kila Jumamosi saa nne apige simu posta ya Kahama. Ya kwanza alipiga. Ya pili alipiga. Halafu zikapita tatu kimya. Limi anakaa kwenye benchi, anasimama, anatoka nje, anarudi, mpaka karani akamwambia atatoboa sakafu. Sokoni wakamnong'oneza kwamba Jilala kapata mwanamke huko, muuza pombe, mnene.

Jumamosi iliyofuata simu ikalia.

"Mpenzi..."

"Mpenzi wako si yuko hapo? Mwambie asiukalie mkono wako, umeshindwa kuinua simu."

"Limi, shimo liliporomoka, mguu ukateguka. Huyo mama alinipikia uji tu."

"Uji tu?"

"Na mboga."

"Jilala!"

"Mchicha, roho yangu! Ana miaka sitini!"

Limi akacheka huku analia. Karani akajifanya anapanga stempu.

"Dhahabu umepata?"

"Ya ng'ombe wanane. Kuna mtu Ushirombo, anaitwa Pantaleo, anauza."

"Wanane si kumi na wawili."

"Najua. Umebakiza wiki ngapi?"

"Tatu. Utatembea na mguu huo huo."

Akaja mpaka Samuye akichechemea na fimbo yake, vumbi mpaka kwenye kope, ng'ombe wanane mbele yake. Bujiku alipowaona alimeza mate, akatazama pembeni.

"Tulisema kumi na wawili. Mtoto ni wangu."

"Baba, wanne nitamalizia baada ya mavuno."

"Mavuno! Mimi maskini nitakula nini mpaka mavuno?"

Mageni, mdogo wake Bujiku, alikuwa ameshaanza kukagua kama ilivyo desturi ya upande wa binti: meno, kwato, kiwele. Akamfikia jike mmoja mwekundu, pembe moja imeinama. Akambonyeza tumbo, akasonya.

"Huyu hapana. Tasa. Mrudishe."

Bujiku akauma mdomo. Mageni akampiga yule ng'ombe kofi la paja.

"Tasa kabisa huyu!"

"Tasa wewe!" Bujiku akafoka. "Huyo kazaa mara nne! Mwaka juzi kazaa mapacha, na wote wamekua!"

Mkewe, Mbuke, akatua ungo chini.

"Baba Limi, umejuaje?"

"Nime... nimetazama kiwele tu."

"Kiwele kinasema mapacha?"

"Na mwaka kinataja?" Limi akadakia.

Jilala akajikuna kichwa. "Pantaleo aliniambia anamfugia mzee mmoja wa Samuye. Mzee karuhusu hawa wauzwe, ila zizi zima ni kama arobaini. Alisema nisizungumze mbele ya mke wa huyo mzee. Mimi nitamjuaje mke wake?"

"Arobaini!" Mbuke akashika kiuno. "Na mimi hapa nanywa uji mkavu. Mkwe wangu, kaa upumzishe mguu. Hao wanne waliopungua watatoka huko huko, na mtoto ni wako."

"Uongo huo, mke wangu!" Bujiku akaruka. "Arobaini wapi? Ukitoa hawa, wamebaki thelathini na wawili tu!"