Mikono ya Sajini Fransis

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili usinitarajie makubwa. Ushujaa wote wa nyumba yetu ya Mtoni aliuchukua kaka yangu, Sajini Fransis, akaenda nao kulinda amani nchi ya watu, akarudi ndani ya sanduku. Walimpa nishani. Risasi zilipomwishia aliwakinga wenzake waliojeruhiwa kwa panga na kwa mikono mitupu, akaua watu wanne, ndipo naye akaanguka.

Jioni ile nilitumwa kazi ndogo tu. Kesho yake jeshi lingemkumbuka kaka, mwaka mmoja tangu azikwe, na mama alitaka jiwe la kaburi lisafishwe na ndugu wa damu. Akanipa ndoo, dodoki na kipande cha sabuni ya mche.

"Feri," akaniita nikiwa mlangoni. "Siku ile mochwari, ulimwosha mikono vizuri?"

"Nilimwosha, mama."

"Yote miwili?"

"Yote, mama."

Alikuwa ameniuliza hivyo labda mara mia. Katika ukoo wetu, kule kusini tulikotoka, mtu aliyeua hazikwi kabla ndugu yake hajamwosha mikono kwa dawa, hata kama aliua vitani. Asipooshwa, aliowaua wanaing'ang'ania mikono ile, na yeyote itakayemshika anakuwa mali yao. Kesho mama angeinama juu ya kaburi kuweka shada. Na mimi sikumwosha kaka hata kidole kimoja.

Walikuwa wamenipa dakika tano, peke yangu, sanduku likiwa wazi. Kaka alikuwa amekunja ngumi. Katikati ya vidole vya mkono wa kulia zilichomoza nywele za mtu, zikiwa bado na ngozi yake. Nilitapika. Dawa ya mama nikaimwaga kwenye mtaro, nikatoka nje nikasema tayari.

Makaburi ya jeshi yako njia ya Pugu. Bodaboda alinishusha jua linazama. Getini nilimkuta askari wa zamu, Mudathir, kijana mcheshi.

"Braza, sie saa kumi na mbili na nusu tunafunga," aliniambia. "Ukichelewa, utalala nao."

Akacheka. Nami nikacheka, kwa adabu tu.

Nilichota maji bombani, nikapiga magoti, nikaanza kusugua jina la kaka. Upepo ulikuwa umetulia. Povu lilikuwa jeupe... kisha la waridi... kisha jekundu. Nikajiambia ni udongo. Nikamwagia maji mengine. Ndipo ikanijia harufu ya buchani asubuhi, kabla hawajaosha sakafu.

Kwaruu... kwaruu...

Kuna mtu alikuwa ananoa panga nyuma yangu.

Nikageuka. Walikuwa wanne, wamekaa juu ya kaburi la jirani, miguu peku, nguo zimeganda damu. Mmoja hakuwa na taya. Mwingine alikuwa amenyofolewa ngozi ya kichwa upande mmoja, na mfupa ulionekana, mkavu na safi. Hawakunitazama. Walikuwa wanatazama majani ya kaburi la kaka.

Majani yakapasuka.

Zikatoka ngumi mbili, hadi kwenye vifundo vya mikono. Nilizifahamu. Kovu la patasi kwenye kidole gumba nilimtia mimi, tulipokuwa tunajifunza kuchonga vinyago kwa baba.

Wale watu wakasimama. Wa kwanza akainua panga.

Chwa!

"Mamaaa!"

Sauti ilitoka chini ya ardhi. Ilikuwa ya kaka yangu, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia. Wakakata tena. Chwa! Chwa! Mifupa ililia, damu ikanirukia machoni na mdomoni, na mikono ile ikikatika ilirudi palepale, mizima, ngumi zimekunjwa, nao wakaanza upya. Hapo nikaelewa. Walikuwa wanaifanya kazi hii mwaka mzima. Mwaka mzima kaka yangu alikuwa anakatwakatwa kwa sababu nilisema tayari.

"Feri..." akaniita kutoka chini. "Nioshe."

Sijui miguu yangu ilibaki vipi pale. Niliivuta ndoo, nikaushika mkono wa kulia. Ulikuwa wa baridi na mgumu. Nikaikunjua ile ngumi kidole kimoja kimoja. Cha tatu kilivunjika mkononi mwangu. Nywele zikatoka, na kile kipande cha ngozi, nikavitupa pembeni, nikasugua kwa sabuni huku nalia na kamasi zinanitoka. Panga likanishukia begani. Nilisikia nyama ikifunguka, lakini sikuacha. Nikasugua hadi kucha zikawa nyeupe.

Mkono ukalegea. Ukazama taratibu udongoni.

Yule aliyenyofolewa ngozi ya kichwa akaokota kipande chake kwenye majani. Akamgusa mwenzake, wakaondoka wote wawili kuelekea vichakani, bila kugeuka nyuma.

Wakabaki wawili. Ukabaki mkono wa kushoto.

Nikaushika. Nilishakunjua vidole viwili pale yule asiye na taya alipochuchumaa mbele yangu. Alinuka udongo mbichi. Akaweka ubavu wa panga juu ya mkono wangu wa kulia, akaupapasa nao kidogo, kisha akainua panga juu. Hakuwa na haja ya kuongea. Ningeendelea, ningeupoteza.

Mimi ni mchonga vinyago. Mkono ule ndio kila kitu changu.

"Feri, umebaki mmoja..." kaka alisema.

Nikaachia.

Nilikimbia nikikanyaga makaburi ya watu, nyuma yangu chwa... chwa... na ile sauti ikimwita mama. Mudathir alinidaka getini.

"Umekatwa na nini, braza?"

"Bati," nikasema. Uongo haujawahi kunishinda.

Asubuhi nilikuwa na nyuzi saba begani. Mama alivaa kitenge cheusi, nishani ya mwanawe kifuani. Ndani ya gari nikajikaza.

"Mama, hilo shada niweke mie. Wewe usiguse kaburi."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Maafisa wawili walikuwa wamekaa mbele yetu, wananisikia. Nikaona aibu.

"Magoti yako, mama..."

"Wewe ulishafanya sehemu yako, baba," akasema, akanipapasa shavu. "Niache nami nifanye yangu."

Tulilikuta kaburi zima, majani hayana hata mkwaruzo. Tarumbeta likapigwa. Wanajeshi wakakakamaa. Mama akainama, akaweka shada, akaweka na kiganja juu ya majani. Hakuinuka. Kamanda akakohoa. Mama bado. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia.

Alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha kubembeleza mtoto.

Aliporudi, kifundo cha mkono wake kilikuwa na alama za vidole, nyekundu, zimelowa.

"Kanishika, Feri," akaninong'oneza, uso unang'aa. "Kanishika mkono, mwanangu. Ila ana nguvu, kaniumiza kidogo."

Risasi za heshima zikalia, kila mtu akatazama juu. Mimi niliwatazama wawili waliokuwa wamesimama nyuma ya kiti cha mama, peku. Mmoja alikuwa anapima makali ya panga kwa kidole gumba. Kaburi hawakulitazama tena.

Mama akaninyooshea mkono nimsaidie kuketi.

Nikarudi nyuma.