Maswali Ambayo Kamusi Hakuletewa

Ukumbi wa mapokezi wa kliniki ya macho ulikuwa umefurika watu asubuhi ile. Kamusi, mtafsiri aliyebandikwa jina hilo na wenzake kwa kupenda kuwasahihisha, alikuwa akijipenyeza kuelekea dirishani, gauni lake la njano likinaswa na mikoba ya watu, alipokanyaga kitu laini.

"Huo ni mkono wangu, dada."

Chini ya meza, katikati ya nyaya, kijana wa shati jeupe alikunja uso na kutabasamu kwa pamoja. Ndiye Fundi, mjenzi wa tovuti ya kliniki, tovuti ambayo Kamusi alikuja kuitafsiri kwa Kiswahili.

"Pole jamani! Umeumia?"

"Sana. Dawa yake ni namba yako ya simu."

"Nambari."

"Hata hiyo nitaichukua."

Simu zikaanza. Kwanza za kazi, kisha zisizo na kichwa wala miguu.

"Umeamkaje, Kamusi wangu?"

"Wako tangu lini?"

"Tangu unikanyage mkono."

Kamusi hakuishiwa maswali. Ukurasa unajuaje msomaji anataka lugha gani? Maneno ya zamani huenda wapi ukurasa ukibadilishwa? Fundi alieleza mpaka sauti ikamkauka, naye akamsikiliza roho ikiwa kwatu. Hakuwahi kukutana na mtu aliyefurahia kuulizwa namna ile.

Tovuti ilipofunguliwa, Daktari wa kliniki alimpigia Kamusi akiwa amefura.

"Mgonjwa wangu amekuja kupasuliwa jicho, kumbe amekunywa chai! Onyo la kuja na tumbo tupu limo kwenye maswali na majibu, na ukurasa wako wa Kiswahili umeyaacha yote kwa lugha ya kigeni. Nimemrudisha nyumbani. Uliyarukaje?"

Kamusi alikuwa amefanya kazi yake ndani ya programu ya tafsiri, akajaza kila neno aliloletewa. Maswali hayo hakuyaona. Akampigia Fundi.

"Yapo, mpenzi, mbona mimi nayaona?" alisema Fundi. "Labda ulichoka ukayapita."

"Unaniita mzembe kwa sauti ya asali?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

Akakata simu. Zilizofuata hakuzipokea, ingawa kila ilipoita alikuwa wa kwanza kuitazama.

Wiki ikayoyoma, Daktari akapiga tena, safari hii mpole. "Mwanangu, niwie radhi. Fundi amekuja mwenyewe kunieleza kwamba kosa ni lake."

Kosa gani? Swali hilo likamkosesha utulivu kuliko hasira. Mwishowe akampigia Fundi.

"Sijakusamehe. Nataka tu kujua ilikuwaje."

Fundi alifika sebuleni kwa kina Kamusi na kompyuta kwapani, ndevu zimechongwa, shati linanukia pasi. Mama mtu akamkaribisha, akawaachia nafasi.

"Nilikaa mahali pako," Fundi alianza. "Nikaingia kwenye programu ya tafsiri kama mtafsiri. Maswali hayakuwemo! Kile kiongezeo, kipande kinachoonyesha maswali na majibu, nilikitunga mwenyewe, nikakipachika kwenye ukurasa. Programu ya tafsiri hukusanya maandishi ya vipande inavyovitambua tu. Mimi sikuiambia kwamba ndani ya changu mna maneno."

"Na sasa umeiambia?"

"Tazama."

Kamusi akasogea, bega likagusa bega. Kichwa cha sehemu ya maswali kilikuwemo, tayari kwa tafsiri. Akateremsha ukurasa, akakunja uso.

"Hiki ni kichwa tu. Maswali yenyewe yako wapi?"

Fundi akainamia skrini. "Lo! Yamo kwenye orodha inayojirudia, swali baada ya swali. Lazima niitaje kwa programu peke yake, swali na jibu." Akaandika mistari michache, akaufungua ukurasa upya. Maswali yakamiminika yote.

Kamusi aliliendea onyo moja kwa moja, akalitafsiri: *Usile wala kunywa chochote, hata chai, asubuhi ya upasuaji.* Akahifadhi. Kwenye ukurasa wa Kiswahili, likatokea.

"Hukuyaruka," Fundi alisema taratibu. "Ningekuuliza unaona nini upande wako, badala ya kukwambia mimi naona nini. Nisamehe."

"Nimekusikia."

"Na… ningependa kuja tena. Na shangazi yangu."

"Kufanya nini?"

"Si unajua?"

"Sijui. Mimi natafsiri maneno, sitafsiri kimya."

Fundi akasogeza kompyuta pembeni. "Nataka kukuoa."

Masikio ya mwanamume yule yakawiva, Kamusi akayatazama akitabasamu.

"Mlete Jumamosi," alisema. "Na awe anajua kuongea kuliko wewe."