Nani Atatuambia Maji ni Machafu?

Kwetu Alhamisi ni siku ya maombi ya akina mama. Tunavaa blauzi nyekundu na kofia nyeupe, tunakwenda kanisani. Tunaimba, na kila mwenye neno husimama akashuhudia lililompata. Gazeti letu, Isandi, nalo hutoka Alhamisi. Kwa hiyo maombi yakiisha hatuondoki. Mkwe wangu Nosakhele hutusomea, maana macho yake bado ni mapya.

Huanza na matangazo ya vifo. Kisha husoma kisanduku kidogo kilicho chini ya ukurasa, cha habari za maji. Kila wiki mpimaji wa halmashauri hupima maji ya mto, na Isandi huandika majibu kwa Kixhosa chetu: salama, chemsheni, au msinywe. Mabomba yetu hukauka mara kwa mara. Yakikauka, tunategemea mto.

Mwaka jana kisanduku kile kilimwokoa mjukuu wangu Lukho. Mtoto alikuwa akitapika na kutokwa na vipele. Tulidhani ni meno. Tukamchemshia maji, tukamnywesha, akazidi. Alhamisi ile Isandi likaandika: msinywe. Maji ya kiwanda cha ngozi yamevuja mtoni, na kuchemsha hakuondoi dawa za kulainishia ngozi. Tukayamwaga, tukamkimbiza kliniki. Akapona. Nyumba ya pili hawakusikia mapema. Wao walizika.

Alhamisi moja baada ya Pasaka, Nosakhele alifungua gazeti, akarudia kuutazama ukurasa wa kwanza.

"Soma basi," MaDlomo akamwambia. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Gazeti lenyewe linauzwa. Wanunuzi ni wenye kiwanda cha ngozi."

MaDlomo huuza maandazi kituoni, na mdomo wake hauna likizo. Akapiga makofi. "Si vizuri? Hao wana pesa! Tutapata picha za rangi, hata za marehemu."

"Kumbe unataka kufa ili utoke na rangi?" mwenzake akamtania. Tukacheka.

Nosakhele hakucheka. "Na kiwanda kikivujisha tena, nani atatuambia?"



"Lakini mwanangu," MaDlomo akasema polepole, "gazeti ni la yule mzee aliyelianzisha. Mtu akiuza mbuzi wake, huja kukuuliza wewe?"

Nosakhele akalikunja gazeti.

Nyumbani, Nosakhele alimweleza mumewe. Mwanangu Zolani huosha ngozi katika kiwanda hichohicho.

"Liache hilo, mke wangu," akasema. "Makande haya tunayokula yanatoka kiwandani."

"Na matapishi ya Lukho yalitoka wapi, Baba Lukho?"

Zolani aliweka kijiko chini, hakula tena. Sikuingilia. Mama mkwe akiingia katika maneno ya mke na mume, ugomvi huwa wa watu watatu. Nilikwenda chumbani kwangu nikapiga magoti.

Jumatatu tulikwenda, Nosakhele, MaDlomo na mimi, kwenye ofisi ya ushauri wa sheria karibu na posta, kuuliza kama tuna la kufanya. Nomvuyiseko anayefanya kazi pale ni binti wa kanisa letu. MaDlomo, ambaye sasa alikuwa amesahau picha za rangi, alikuja na barua aliyoandikiwa na mwanawe. Ilikuwa imejaa Zaburi, na mwisho wake ilisema: Mungu atawakausha kama ngozi zao.

Nomvuyiseko akaisoma mpaka mwisho. "Mama, hii ni barua au laana?"

"Vyote viwili. Nimeona nisikusumbue mara mbili."

Akatabasamu, akatukalisha, na MaDlomo akamweleza pia lile neno lake la mbuzi. "Gazeti si mbuzi, mama. Mbuzi akiuzwa, jirani hapotezi kitu. Kampuni kubwa ikitaka kununua nyingine, Tume ya Ushindani inaweza kuichunguza biashara hiyo kabla haijakamilika. Inaangalia kama mnunuzi atawabana wenzake sokoni. Inaangalia pia maslahi ya umma: kazi za watu, wafanyabiashara wadogo, na sehemu yenyewe itapata nini au itapoteza nini."

"Na sisi tuna mdomo hapo?" nikauliza.

"Mnao, MamBhele. Anayeguswa anaweza kupeleka maoni yake. Si lazima awe na wakili. Ila msichelewe. Semeni kabla Tume haijaamua."

"Tuseme nini?" akauliza Nosakhele.

"Msiseme wenye kiwanda ni wabaya. Tume haiamui nani ataingia mbinguni. Semeni kama mnavyoshuhudia Alhamisi. Ni nini kilikupata? Lini? Gazeti likibadilika, utapoteza nini? Kisha semeni mnachotaka kifanyike."

Nosakhele aliinama. "Mume wangu anafanya kazi kule."

"Basi omba jina lako lisitolewe hadharani. Liombe hilo tangu mwanzo."

Alhamisi iliyofuata Nomvuyiseko alikuja kanisani na kalamu. Tulisimama mmoja mmoja. MaDlomo alisema tangazo lake la maandazi hutoka Isandi kwa bei ndogo, na akitozwa bei ya wenye maduka makubwa atafunga biashara. Safari hii hakumlaani mtu. Mama wa nyumba ya pili alisema maneno machache tu, akakaa.

Nosakhele alisimama wa mwisho. Akaeleza habari za Lukho, za maji tuliyochemsha, na za kisanduku kile. Nomvuyiseko akamuuliza, "Jina tulifiche?"

Kabla hajajibu, sauti ikatoka mlangoni.

"Andika jina."

Alikuwa Zolani, ametoka zamu na ovaroli yake. Wanaume hawaingii katika maombi yetu ya Alhamisi. Alivua kofia, akabaki kizingitini.

"Mtoto aliyeugua ni Lukho wa Zolani. Na andika kwamba bwawa la maji machafu la kiwanda hufurika mvua ikizidi. Mimi naliona kila siku."

MaDlomo akasema, "Ingia basi, baba, upepo unatuua."

Maoni yetu yalikwenda. Kiwandani msimamizi alimnunia Zolani, akamhamishia zamu mbaya, lakini hakumfukuza. Tume ilimpigia Nomvuyiseko simu, ikauliza zaidi. Majira ya baridi yakapita. Ndipo jibu likaja: kiwanda kimeruhusiwa kununua, kwa masharti. Wafanyakazi wa gazeti wasipunguzwe kwa sababu ya mauzo. Habari za Kixhosa ziendelee. Kiwanda kisimwamulie mhariri cha kuandika. Majibu ya mpimaji wa maji yatoke kila wiki kama alivyoyatoa.

"Kumbe wameuziwa tu!" MaDlomo alilalamika.

"Wameuziwa wakiwa wamefungwa kamba," akajibu Nomvuyiseko. "Kamba ikikatwa, mnaiambia Tume. Kwa hiyo msiache kusoma."

Hatukuacha. Mvua za kwanza zilinyesha kwa nguvu, nasi tulikuwa tukichota mtoni kwa kuwa mabomba yalikuwa makavu. Alhamisi ile Nosakhele alifungua gazeti lenye mmiliki mpya. Hakuanza na vifo. Alikwenda moja kwa moja chini.

"Maji ya mto: msinywe," akasoma. "Bwawa la kiwanda cha ngozi limefurika."

Tulitawanyika bila wimbo wa mwisho, kila mmoja mbio kwake. Nilipofika nyumbani Zolani alikuwa amekwisha kupigiwa simu na mkewe. Alikuwa uani na ovaroli ya kiwanda, anamwaga ndoo zote. Lukho alikuwa kando yake, ameshika kikombe kitupu, anasubiri babake aende kumletea maji ya tangi la shule.