Kitufe Kilichoandikwa Hifadhi

Kila Alhamisi baada ya vipindi, wanafunzi wa klabu ya kompyuta walivua viatu mlangoni, wakapangusa vumbi kwenye skrini na kugombania kiti kisichoyumba. Siku hiyo hakuna aliyegombania kitu. Insha zote za darasa la saba zilikuwa zimetoweka kwenye tovuti ya shule.

"Nani alikuwa wa mwisho kuingia humo?" mwalimu aliuliza.

"Bonyeza," kiranja alidakia. Ndivyo walivyomwita msichana mmoja wa klabu, kwa kuwa vidole vyake havikujua kutulia. "Atakuwa amebofya Futa. Si tunamjua?"

"Simama uwaombe wenzako radhi," mwalimu akamwambia.

Msichana akasimama. Hakuinamisha macho. "Samahani, mwalimu. Siombi radhi kwa jambo ambalo sikulifanya. Nilibofya Hifadhi."

Chumba kizima kiliguna.

"Unabishana nami?"

"Hapana, mwalimu. Naomba kuonyesha. Jina la juu ya kitufe tunalisoma sisi. Kompyuta inafuata amri iliyoandikwa ndani yake, kwenye sehemu iitwayo onclick, inayosema kifanyike nini kitufe kikibofywa. Tuzisome hizo amri."

Mwalimu alikunja uso, ila alimpisha kwenye kiti. Msichana akaandika maagizo mafupi, na katikati yake akaweka: [onclick*="futa"].

"Nakiambia kivinjari kipake rangi nyekundu kila kitufe ambacho amri yake ina neno futa."

Vitufe vitatu viligeuka vyekundu: Futa, Hifadhi na Tafuta. Vicheko vikalipuka.

"Hata Tafuta!" kiranja alipiga meza. "Umeikoroga. Kaa chini!"

"Sikai," alijibu. "Tafuta ina futa tumboni mwake. Nimekosea kuuliza, basi nauliza upya."

Akafuta ile alama ya nyota, *, akaweka alama ya ^, yaani amri ianze na neno hilo, si kulibeba tu. Akaupakia ukurasa upya. Safari hii vilibaki viwili vyekundu: Futa na Hifadhi. Amri ya vyote viwili ilikuwa moja: futaInsha().

Macho yote yakamgeukia kiranja. Wote walijua ni nani aliyeutengeneza ukurasa ule.

"Nilinakili kitufe cha Futa," kiranja alisema kwa sauti ya chini. "Nikabadilisha jina, amri nikaisahau. Asubuhi niligundua, nikaogopa kusema."

Alirekebisha amri mwenyewe, kisha akaanza kuzirudisha insha moja moja kutoka kwenye nakala za mwalimu. Mwalimu akasimama mbele ya wote.

"Kukosea amri si aibu," alisema. "Huyu amekosea sasa hivi mbele yetu, akakiri, akarekebisha. Aibu ni kunyamaza huku mwenzako anabebeshwa mzigo wako. Na aibu nyingine ni yangu, niliyemhukumu mtu kwa jina la utani." Akamgeukia msichana. "Niwie radhi, mwanangu. Nasema hivi wakinisikia wote."